Pikapu ya mizigo Kagera: gia za mkono au oto? Soma hii kabla hujatoa hela

Bukoba. Mikungu ya ndizi imepangwa hadi juu ya bodi, mvua imenyesha usiku kucha, na barabara ya kushuka kutoka Kamachumu kuelekea Muhutwe inateleza. Hapo ndipo mwenye pikapu anajua kama alinunua giaboksi inayomfaa au alinunua rangi na rimu.

Wanunuzi wengi huuliza mwaka wa gari, kilomita na bei. Giaboksi huulizwa mwisho, tena kwa swali moja tu: ni oto au siyo? Kumbe ndiyo inayoamua mambo matatu makubwa: gari litapandaje mlima likiwa na mzigo, litashukaje, na likiharibika litalala gereji siku ngapi.

Kwa mtu wa Bukoba au Muleba anayeishi kwa kubeba ndizi, kahawa au samaki, siku tatu za gereji ni mzigo ulioharibika na mteja aliyehama. Mambo ya kujua ni haya.

KWA HARAKA

- Gia za mkono: rahisi kutengeneza, mafundi ni wengi, lakini klachi inaungua mapema kwa dereva asiyejali.
- Oto: inapanda vizuri na haichoshi, lakini inataka oili sahihi, na ikifa inaumiza mfuko.
- Zote mbili zinaweza kuua mteremkoni zikitumiwa vibaya.
- Usinunue pikapu ya kazi kabla hujaijaribu ikiwa na mzigo, mlimani.

Giaboksi inafanya kazi gani?

Injini ya dizeli ina nguvu katika mzunguko fulani tu. Ikizunguka polepole mno inazima, ikizunguka kasi mno inapiga kelele bila faida. Giaboksi inaiweka injini kwenye mzunguko unaofaa, iwe gari linapanda mlima kwa mwendo wa mtu anayetembea au liko kwenye lami likienda kilomita 80 kwa saa.

Gia namba moja inatoa nguvu nyingi na mwendo mdogo. Gia ya juu inatoa mwendo na kupunguza mafuta, ila haina nguvu ya kupanda. Ni kama baiskeli yenye gia: mlimani unakanyaga haraka lakini kwa wepesi.

Kwenye gia za mkono, dereva mwenyewe anachagua. Akikanyaga klachi, anatenganisha injini na giaboksi. Akiiachia, sahani ya klachi inabanwa na nguvu inapita. Sahani hiyo inafanya kazi kwa msuguano, kwa hiyo inalika kama breki zinavyolika.

Kwenye oto hakuna pedali ya klachi. Kati ya injini na giaboksi kuna toki konveta, kifaa kilichojaa oili kinachopitisha mzunguko kwa njia ya mtiririko wa oili hiyo. Gari linapoanza kuondoka, kifaa hiki kinaweza kuongeza nguvu ya kuzungusha hadi karibu mara mbili. Ndiyo maana gari ya oto yenye mzigo huondoka mlimani kwa ulaini, bila kurudi nyuma na bila harufu ya klachi.

Pikapu zinazotajwa sana na gia zake

*Land Cruiser ya mfululizo wa 70.* Ilianza kuuzwa mwaka 1984, na pikapu yake ya 79 ikaja mwaka 1999. Ndugu zake wenye bodi ndefu ndio wanaoonekana sana kama magari ya wagonjwa na ya miradi, wale ambao Watanzania wanawaita mkonga kwa sababu ya bomba la hewa lililopanda juu. Injini inayosifiwa zaidi ni 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo, yenye gia 5 za mkono. Haina haraka, lakini haina mambo mengi ya umeme.

Mwaka 2023 Toyota ilileta toleo jipya lenye injini ya turbo ya lita 2.8 na oto ya gia 6. Hii ina nguvu ya kuzungusha ya Nm 500, wakati injini kubwa ya V8 ya lita 4.5 iliyotangulia ilikuwa na Nm 430. Kwa gari ambalo jina lake lilijengwa na gia za mkono, hayo ni mageuzi makubwa.

*Toyota Hilux.* Zile zinazojulikana kama Vigo, za kuanzia mwaka 2005, zilikuwa na gia 5 za mkono au oto ya gia 4, na baadaye oto ya gia 5. Kizazi kilichofuata kikapanda hadi gia 6 kwa aina zote mbili. Tangu maboresho ya mwaka 2020, injini ya lita 2.8 ina Nm 500 ikiwa na oto, lakini Nm 420 tu ikiwa na gia za mkono. Injini ni ileile. Kiwanda kimeipunguzia nguvu ile ya gia za mkono. Kwa hiyo ule usemi wa zamani kwamba oto ni legevu haufanyi kazi tena hapo.

*Isuzu D-Max na Ford Ranger.* D-Max za karibuni zinapatikana kwa gia 6 za mkono au oto ya gia 6. Ranger ina matoleo ya oto yenye gia 10. Gia zikiwa nyingi, injini haipati mrukaruko mkubwa kati ya gia moja na nyingine, na dereva hahisi gari likilegea katikati ya mlima. Upande wa pili, vipuri ndani ya giaboksi vinaongezeka, na fundi wa kuifungua anapungua.

*Na huko Marekani?* Pikapu nzito kabisa duniani, kama Ford F-350 na Ram 3500, zimeachana na gia za mkono. Ram ndiyo ilikuwa ya mwisho kuziuza, na toleo la mwaka 2019 likaja bila hizo. Ford na General Motors zilihamia kwenye oto ya gia 10 katika matoleo ya 2020. Wenzetu wanavuta tela la tani nyingi kwenye barabara kuu, na duka la spea liko karibu. Huku hesabu ni tofauti.

Kwa nini Kagera inabadilisha hesabu

*Mwinuko.* Ziwa Victoria lenyewe liko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na ukiondoka Bukoba mjini kwenda vijijini unapanda zaidi. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100. Maana yake 1HZ yenye nguvu za farasi kama 130 ikiwa Dar es Salaam, hapa Bukoba inabaki na karibu 115. Mlima ambao dereva wa Pwani angeupanda kwa gia namba tatu, wewe unashuka namba mbili. Injini yenye turbo haisumbuliwi sana na jambo hili.

*Mvua.* Bukoba ni moja ya miji inayopata mvua nyingi Tanzania, kama milimita 2,000 kwa mwaka. Barabara kuu ya Bukoba hadi Muleba ina lami, lakini mzigo hauanzii kwenye lami. Unaanzia kibanjani, kwenye njia ya udongo mwekundu.

*Mzigo wenyewe.* Kahawa inaweza kusubiri siku mbili. Ndizi zinavumilia kidogo. Samaki aliyewekwa barafu hasubiri mtu.

*Mafundi na spea.* Fundi wa kubadilisha sahani ya klachi anapatikana karibu kila senta yenye gereji. Fundi wa kufungua oto na kuirudisha ikafanya kazi ni wa kutafutwa, na mara nyingi safari inaishia Mwanza, zaidi ya kilomita 400 kwa barabara. Daraja la JPM la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko, lakini umbali uko palepale.

Kushuka: hapa ndipo watu wanakufa

Hili lisome mara mbili. Kwenye mteremko mrefu, kinachotakiwa kulizuia gari lenye mzigo ni injini kwanza, breki baadaye.

Ukishuka ukiwa kwenye gia ya chini, magurudumu yanalazimika kuizungusha injini, na injini inayakatalia. Gari linajishika lenyewe. Ukiwa kwenye gia ya juu, au umetoa gia kabisa, kazi yote inaangukia breki. Breki zikikanyagwa mfululizo zinapata moto, oili yake inaweza kuchemka, na pedali inakwenda chini bila kushika kitu.

Madereva wengi wanapiga frii mteremkoni wakiamini wanaokoa mafuta. Kwa injini za kisasa imani hiyo ni kinyume kabisa. Gari likishuka ndani ya gia na mguu ukiwa nje ya mafuta, kompyuta inakata dizeli. Likiwa frii, injini inaendelea kunywa ili isizime. Yaani unahatarisha maisha na bado unalipia.

Kuzima injini kabisa ni kubaya zaidi. Usukani unakuwa mgumu, na baada ya kukanyaga breki mara chache, ule msaada unaoifanya pedali iwe nyepesi unaisha.

Kanuni ya madereva wa zamani bado ni sahihi: shuka na gia uliyopandia. Kama mlima uliupanda kwa namba mbili, shuka nao kwa namba mbili, na ingiza gia hiyo kabla ya mteremko kuanza, siyo katikati wakati gari limeshakimbia.

Wa oto msijitoe. Kuacha mkono kwenye D ukitegemea gari lijue lenyewe ni kosa. Oto za zamani zina alama za 3, 2 na L kwenye kiko. Za kisasa zina S au M yenye jumlisha na toa. Hizo ndizo za mteremkoni. Shusha gia moja moja mpaka gari litulie bila kukanyaga breki kila sekunde, kisha tumia breki kwa vipindi: kanyaga kwa nguvu, punguza mwendo, achia zipoe.

Kupanda: nani anaunguza nini

Kwenye gia za mkono, adui wa klachi ni dereva anayelishikilia gari mlimani kwa klachi nusu na mafuta kidogo. Sekunde chache za hivyo, gari likiwa na mzigo, zinatosha kuleta harufu ya kuungua. Tumia hendibreki: ivute, ingiza namba moja, achia klachi mpaka gari litake kuondoka, ndipo uishushe hendibreki. Na usiweke mguu juu ya pedali ya klachi unapotembea. Hapo siyo pa kupumzikia.

Kwenye oto, adui ni joto la oili. Kulishikilia gari mlimani kwa mafuta bila breki, au kupanda polepole kwa muda mrefu kwenye gia ya juu, kunaichemsha oili iliyo ndani ya giaboksi. Oili ikiungua inapoteza uwezo wake, na vipande vya ndani vinaanza kuteleza. Mlima mrefu na mzigo mzito: shusha gia mwenyewe, usisubiri kompyuta.

Tope: usisahau kiko kidogo

Pikapu nyingi za kazi zina giaboksi ya pili ndogo, yenye H2, H4 na L4. Kwenye Hilux, L4 inaongeza nguvu kwa zaidi ya mara mbili na nusu. Kwa njia ya kibanjani iliyoloa, hiyo ndiyo inayookoa klachi: gari linatambaa lenyewe bila wewe kuichezea pedali. Kwenye kushuka penye tope, L4 na namba moja hulifanya gari litembee taratibu bila kugusa breki, na breki ndiyo hasa inayofunga magurudumu na kuliteleza gari mtaroni.

Ukirudi kwenye lami kavu, itoe. Kwa pikapu za aina hii, kuendesha magurudumu manne kwenye lami kavu kunaibana mitambo ya kati kila unapokata kona, na mwisho kitu kinavunjika.

Ikizima njiani

Betri ikifa, pikapu ya gia za mkono inasukumwa na vijana wanne, unaingiza namba mbili, unaachia klachi, inawaka. Oto za kisasa haziwaki hivyo, kwa sababu pampu ya oili ya giaboksi inaendeshwa na injini. Injini ikiwa imelala, giaboksi haina presha. Ukiwa na oto, nyaya za kuazimia moto ziwe ndani ya gari kila siku.

Kuvutwa nako kuna masharti. Oto ikiburuzwa kwa kamba umbali mrefu, magurudumu yakiwa chini, inajisaga ndani bila oili kuzunguka. Inyanyuliwe, au propela zitolewe kwanza.

Na ukivuka maji ya kina, kagua oili ya giaboksi haraka, iwe ya aina yoyote. Oili ya oto kwa kawaida ni nyekundu. Ikigeuka kama maziwa yenye rangi ya waridi, maji yameingia. Usiendelee na safari.

Ipi ina gharama nafuu?

Jibu la haraka ni gia za mkono, na kwa magari ya zamani ni kweli. Sahani ya klachi, presha pleti na beringi hubadilishwa pamoja na gari linarudi barabarani.

Lakini kuna mtego. Pikapu mpya za gia za mkono, zikiwemo Hilux za lita 2.4 na 2.8, zina flaiwili ya vipande viwili inayopunguza mtetemo. Ikichoka, bei yake inaweza kuipita klachi yenyewe. Ukiambiwa unabadilisha klachi tu, uliza hali ya flaiwili kabla giaboksi haijarudishwa juu.

Kwa oto, gharama kubwa inakwepwa kwa gharama ndogo: oili. Baadhi ya vitabu vya Toyota vinaelekeza ibadilishwe karibu kila kilomita 100,000 kwa gari linalovuta au kubeba mizigo mizito. Gari la Muleba linalopakia kila siku ni la kundi hilo. Tumia aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, usichanganye, na usikubali oili ya debe isiyo na jina.

Kagua hivi kabla ya kulipa

*Kwa gia za mkono:*

- Vuta hendibreki, ingiza namba tatu, achia klachi taratibu. Injini izime. Ikiendelea kuunguruma, klachi imekwisha.
- Ingiza namba mbili na tatu ukiwa kwenye mwendo. Ikisaga, giaboksi imechoka.
- Kwenye mteremko achia mafuta ghafla. Gia isiruke yenyewe.
- Sikiliza. Kelele ikitokea unapokanyaga klachi, ni beringi ya klachi. Ikitokea ukiwa frii na mguu umeutoa, ikaisha ukikanyaga, beringi ya giaboksi yenyewe ndiyo ya kushukiwa.

*Kwa oto:*

- Liwashe gari likiwa baridi kabisa. Kama muuzaji amelipasha moto kabla hujafika, rudi siku nyingine.
- Toka P kwenda D, kisha R. Gari liitike haraka, bila kishindo.
- Endesha mpaka lipate moto. Matatizo mengi ya oto hujificha mpaka oili ichemke.
- Kama injini inapanda kelele bila gari kuongeza mwendo, inateleza ndani.
- Oili isiwe nyeusi wala isinuke kuungua. Nyingi za kisasa hazina kijiti cha kupimia, kwa hiyo nenda na fundi na mashine ya kusoma kompyuta.

*Kwa zote:* ingiza H4 na L4 uone kama zinakubali. Wauzaji wengi hawatarajii uiombe hiyo.

Basi uchague ipi?

Kama gari lako linaingia kibanjani kila siku, linaendeshwa na madereva tofauti wenye uzoefu, na fundi wako ni wa jirani: chukua gia za mkono, injini rahisi.

Kama unakimbiza samaki au bidhaa kwenye lami, Bukoba hadi Mwanza au Bukoba hadi Mutukula, na una nidhamu ya sevisi: oto ya kisasa itakupa nguvu zaidi na haitakuchosha.

Kama dereva ni mmoja, ni mgeni wa milima, na unaogopa klachi ziungue kila mara: oto itakusaidia kupanda. Kushuka bado utamfundisha mwenyewe.

Na kama pesa inatosha kununua gari tu bila kubaki na akiba ya kuitengeneza, oto ya zamani iliyotumika sana iache ilipo, hata kama bei ni tamu.

Ukishapata unayoitaka, usiijaribu kwenye lami tambarare ya mjini. Mwombe muuzaji mpakie mifuko kadhaa ya saruji, mwende pamoja mpaka kwenye mlima, mpande na mshuke. Muuzaji akikataa, umeshapata jibu, na limekugharimu nauli ya boda tu.